Besi ya Baba

Jana usiku nikiosha vyombo, mwanangu akaniuliza ninaimba wimbo gani. Wa Krismasi, nikamwambia. "Mbona hauna tuni, mama?"

Hakukosea. Nilikuwa naimba besi.

Baba alikuwa mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, wa kikundi cha tarumbeta usharikani kwetu, Machame, Kilimanjaro. Ikifika Desemba alifanyia mazoezi bandani, kando ya ng'ombe, maana mama alishasema lile dubwana halipigwi ndani ya nyumba yake. Pum, pum, kimya, pum. Anasimama, anaipindua tuba, anamwaga mate kwenye majani, anaanza upya. Karatasi ya noti aliibana kwenye nguzo kwa kibanio cha nguo. Juu iliandikwa kwa Kijerumani O du fröhliche, nasi watoto tukauita "Odu" basi. Kwa hiyo wimbo ule niliujua kwa chini tu. Mkesha wa kwanza niliofika mwisho bila kusinzia, tarumbeta ndogo zilipopanda na sauti ya kwanza, nilidhani wanamharibia baba.

Ukubwani ndipo nilipojua Odu ametoka mbali. Tuni yake inahesabiwa kuwa ya mabaharia wa Sisilia, waliomwimbia Bikira Maria. Maneno ya Kijerumani aliyatunga Johannes Falk wa Weimar kwa ajili ya yatima aliowalea. Mwenyewe alikuwa amezika watoto wake wanne mwaka 1813, kwa maradhi yaliyofuata vita. Na haukuwa wimbo wa Krismasi peke yake: ubeti mmoja Krismasi, mwingine Pasaka, mwingine Pentekoste. Wamisionari wa Leipzig waliingia Machame 1893, na nyimbo za kwao wakaja nazo. Mimi huwa nasimama hapo kwa Falk, yatima wamemzunguka, anatafuta maneno ya furaha.

Siku hizi baba hapigi. Meno ya mbele yalimtoka, na bila meno midomo haishiki. Tuba alipewa kijana wa jirani.

Krismasi iliyopita nilikaa naye benchi la tatu. Odu ulipoanza, nikamwona mashavu yanajaa na kupwaya, yanajaa na kupwaya, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza goti. Ubeti wa pili vidole vikasita. Akaniinamia sikioni.

"Amewahi, huyo. Hapo pana kimya."