Mama na Kilimia

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, saa mbili hivi usiku, na joto la Januari la Dar mnalijua, ndani hapakaliki, nikatoa mkeka nikautandika uani tukalala mimi na mwanangu wa mwisho. Huyu ana miaka saba na maswali yake hayana likizo. Akalala chali, akanyamaza kama dakika mbili nikajua kuna kitu kinakuja, halafu, "Baba, nyota zina majina?"

Nikamwambia zinayo.

"Zote?"

"Zote."

"Nani alizipa?"

Hapo nikakwama. Siyo kwamba jibu silijui. Jibu nilipewa tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 2012, Jumapili, kama saa kumi na nusu alfajiri, na mama, nje ya nyumba yetu kule Iramba, mkoani Singida, usiku uleule wa kumzika mdogo wangu. Na kila nikitaka kulisema linakuja na vitu vyote vya usiku ule, baridi, moshi, sauti ya turubai likipigwa na upepo, mpaka koo linakaza.

Habari za mdogo wangu wengi mnazijua kwa hiyo sitazirudia zote. Alikuwa na miaka 23, dereva bodaboda hapahapa Dar, gari lilimgonga usiku akiwa ametoka kumshusha abiria. Tulisafiri naye Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, sisi mbele jeneza nyuma, tukafika nyumbani Ijumaa jioni na Jumamosi saa tisa tukamzika. Kitu ambacho pale msibani wengi hawakukijua ni kwamba ile pikipiki nilinunua mimi. Nilichukua mkopo kazini, nikampigia simu nikamwambia njoo mjini kuna kazi yako inakusubiri, na siku ile anaipokea alinikumbatia mbele za watu, yeye ambaye tangu ameota ndevu alikuwa hataki kukumbatiwa na mtu. Miezi minne baadaye ndiyo hivyo.

Kusali nilikuwa nimeacha tangu chuo. Sikugombana na mchungaji wala na mtu yeyote, niliacha kidogo kidogo, Jumapili moja nimechoka, nyingine nina mtihani, mwisho wake hata Krismasi nikawa napita tu kanisani kuwasubiri watu nje. Sasa pale kaburini mchungaji akasoma Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, mimi nimeshika koleo mkononi, na moyoni nikasema hapana, aliyetoa ni mimi. Nilisema hivyohivyo. Watu wanaimba, mimi nachota udongo narudia, aliyetoa ni mimi, aliyetoa ni mimi.

Usiku wanaume tukalala nje kuzunguka moto kama kawaida ya msiba, wanawake ndani kwenye mikeka. Mwezi wa saba Singida ni upepo, na siyo upepo wa kupunga, ni ule unaoingia kwenye mifupa. Wazee walipiga hadithi mpaka saa saba hivi, mmoja mmoja akajifunika, nikabaki mimi nasukuma kuni. Pale kijijini wakati ule umeme hakuna, mwezi haujatoka, na mimi nilikuwa nimezoea anga la Dar lenye nyota za kuhesabika, nikainua kichwa nikaogopa. Yani niliogopa kabisa. Zilikuwa zimejaa mpaka hakuna pa kuweka kidole, nyingine zimekuwa kama vumbi la unga kutoka upande mmoja wa mbingu mpaka upande wa pili, na zote kimya, zote ziko shwari, kama vile hapa chini hakuna kilichotokea. Ilinichoma ile. Mdogo wangu yuko chini ya udongo hatua mia moja kutoka nilipokaa na huko juu hata moja haijapungua.

Nilijaribu kuomba. Nikasema "kama upo," nikakosa neno la kufuatia.

Ndiyo nikasikia mlango. Mlango wetu wa bati ukifunguliwa unalia, na nilijua kabla sijageuka kwamba ni mama, kwa sababu ndiye pekee anayeuinua kidogo ili usilie sana. Alikuwa amejifunga kanga mbili na blanketi begani, miguu mitupu kwenye ule mchanga wa baridi. Akapita kati ya wanaume waliolala, akiruka miguu ya watu taratibu, akaja akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa karibu na moto. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, alikuwa anaongea kama mtu anayenong'ona kanisani.

"Baba, hujalala?"

Mama huniita baba tangu nikiwa mdogo, nina jina la baba yake.

"Mama, rudi ndani, baridi."

Hakurudi. Akanyoosha blanketi likanifunika na mimi, tukakaa. Mimi nikaona kama sitasema sasa sitasema tena maisha yangu yote, nikasema, "Mama, pikipiki nilinunua mimi."

Akakaa kimya muda mrefu. Ukuni mmoja ukakatika ukaangukia majivu. Halafu akasema, "Najua. Na mimi ndiye niliyekuomba umtafutie kazi."

Basi. Hakusema usijilaumu, hakusema ni mipango ya Mungu. Alichukua tu mkono wangu, akauweka kwenye paja lake juu ya kanga akaufunika na wa kwake, viganja vyake vilivyokakamaa kwa jembe, na hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu. Nililia vibaya, kamasi zinatoka, mwanaume wa miaka 31, na yeye ananipangusa kwa pindo la kanga kama nilivyokuwa wa chekechea.

Nilipotulia akaonyesha kwa kidevu upande wa mashariki, juu ya yale mawe ya nyuma ya zizi. "Kilimia hicho kimetoka." Tukiwa wadogo alikuwa akituonyesha, Novemba kikianza kuonekana mashariki giza linapoingia anasema haya, shamba lisafishwe, mvua haiko mbali, ndiyo maana kikaitwa hivyo, nyota za kulimia. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Pale kilikuwa kimepanda kiasi, kifungu kidogo cha nyota kama shanga zilizodondoka mahali pamoja, na chini yake mwezi mwembamba kama ukucha, pembeni yake nyota moja kubwa, na chini zaidi nyingine kubwa kuliko zote inawaka mpaka macho yanauma. Baadaye nilikuja kujua ni sayari, ile ya juu ilikuwa Mshtarii (Jupita) na ya chini Zuhura, na kwamba mwezi ule wa saba watu nchi nyingi waliamka usiku kuziangalia zilivyojipanga. Sisi hatukuamka kuziangalia, tulizikuta tu.

"Hesabu Kilimia," mama akasema. "Mimi nikiwa msichana nilikuwa naona saba, siku hizi naona kama moshi."

Nikahesabu. Sita. Akasema hesabu tena. Sita.

"Ya saba ipo. Macho yako yamelia sana leo."

Halafu, akiwa bado anaangalia kulekule, akasema kwa ile sauti yake iliyokauka, bila kunihubiria, kama mtu anayejisemea mwenyewe jikoni: "Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Mama hakusoma sana, darasa la nne tu, lakini mistari ya Biblia anayo kichwani kwa sababu ya kwaya. Nikamuuliza hiyo imeandikwa wapi. "Zaburi za mwisho mwisho huko. Utaitafuta." Akanyanyuka, akaniachia blanketi, akarudi ndani akiuinua ule mlango.

Kulipopambazuka, watu wanakunywa uji, nikaomba Biblia yake, ile iliyofungwa kitambaa cha kitenge kwa sababu jalada lilishatoka, nikaanza kutafuta kutoka Zaburi 150 nikirudi nyuma. Haikuwa mbali, ni 147, mstari wa 4. Lakini jicho langu likawa limeshaona mstari wa 3, ambao mama hakuusema: "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao."

Nilisoma ile mistari miwili nimesimama pale karibu na masufuria mpaka shangazi mmoja akaniuliza kama nimeona nini. Sikuweza kumweleza. Ilikuwa ni lile neno kuganga. Kuhesabu nyota ni kazi ya mbali, mtu anaweza kuifanya bila kukujali. Kuganga huwezi kukufanya ukiwa mbali. Mama alipokuwa anatuganga tukijikata na panga shambani alikuwa anapiga magoti, anashika damu, anapuliza, anafunga kitambaa, na kama unapiga kelele anakupigia kelele na yeye. Na mwandishi wa Zaburi ameviweka vitu hivi viwili pamoja bila hata kusema "lakini" katikati, kama vile kwake ni kazi moja ya mtu mmoja, jioni anaganga, usiku anahesabu.

Sitawadanganya kwamba niliokoka pale kwenye masufuria. Nilirudi Dar, nikalipa mkopo wa pikipiki ambayo haipo, kila mwezi makato yanaingia nakumbuka. Kanisani niliingia Desemba, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wimbo wa pili nikatoka, wiki iliyofuata nikarudi. Ilikwenda hivyo, na mpaka leo ziko Jumapili naimba na ziko Jumapili nasimama tu.

Kitu kimoja kilichonishika ni kwamba nilikirudia kitabu cha Ayubu, kile kilichonikera kaburini, safari hii nikakisoma chote. Watoto kumi wamekufa, mzee wa watu analalamika sura nyingi, anadai aambiwe kwa nini, na Mungu akija kujibu, sura ya 38, hamwambii kwa nini. Anamuuliza, "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Kilimia! Jina lilelile alilolitaja mama, limo mle ndani. Niliifunga Biblia nikakaa. Kama ni jibu, ni jibu gani hilo kwa mtu aliyefiwa, sijui, nimelizungusha miaka yote hii na bado silishiki vizuri. Ninachojua ni kwamba mama naye hakunipa sababu yoyote usiku ule. Alinifunika blanketi akanionyesha Kilimia, na mimi nilipona kiasi cha kuweza kuamka asubuhi.

Nimesoma kwamba mwanga wa Kilimia unachukua kama miaka 440 kutufikia. Maana yake mwanga tuliouangalia mimi na mama ulikuwa umeanza safari kabla hata Fort Jesus haijajengwa kule Mombasa, ukasafiri muda wote huo, ukaingia machoni mwetu alfajiri ile tukiwa na kamasi. Ninapenda kuliwaza hilo, hata sijui kwa nini linanituliza.

Sasa mtoto bado anasubiri jibu. Nikamwambia Mungu ndiye alizipa, bibi yako aliniambia. Akasema, "Muulize tena." Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Hujalala?"

Huyu mwanangu ana jina la mdogo wangu, na mama kila akimwita mume wangu kuna mahali sauti inashuka kidogo. Mtoto akamweleza umeme hakuna, tuko nje, tunaangalia nyota. Mama akauliza Kilimia mnakiona huko? Nikatafuta, nikakiona upande wa kaskazini juu ya paa la jirani, kwa giza lile la mtaa kilikuwa kimetulia vizuri kabisa. Macho ya mama sasa yana mtoto wa jicho, yote mawili, tunangoja siku ya upasuaji. Akasema, "Basi mume wangu nihesabie, mimi huku sioni kitu."

Mtoto akasimama juu ya mkeka, kidole juu, jicho moja amelifumba. Moja, mbili, tatu, anarudia, anakosea, anaanza upya. Mimi nilikuwa nimeshahesabu kimoyomoyo nikapata sita zangu zilezile.

"Saba, bibi."

Mama akanyamaza. Kwenye simu nikawa nasikia upepo wa Iramba.

"Haya," akasema. "Ziko zote."