Vituko vya barabarani, mablanketi ya wodi ya wazazi

Basi likitoka Ipogolo, Iringa, asubuhi, likapita Ifunda, Mafinga na Makambako, likateremka Igawa na Chimala mpaka Uyole, Mbeya, limeshakusanya vituko vya kujaza daftari. Ni kilomita 330 hivi. Abiria wa Dar es Salaam aliyepanda na fulana nyepesi mwezi Juni anafika Makambako meno yanagongana, ananunua sweta la mtumba kupitia dirishani bila kuuliza bei mara mbili. Konda anasema "nyuma kweupe" wakati huko nyuma hata mkungu wa ndizi hauna pa kuegemea. Bibi wa Kinyakyusa anamwamkia kijana "Ugonile", kijana anajibu "Poa", na viti vya jirani vyote vinageuka kumtazama.

Vituko hivi vikiandikwa vizuri vinauzika, na fedha yake hununua vitu vya maana. Nitaeleza namna ya kutengeneza kijitabu cha hisani cha kurasa 32, nakala 200, kinachoandikwa na watu wanane, ili mapato yanunue mablanketi ya wodi ya wazazi katika kituo cha afya huko Makete, mkoani Njombe. Nimechagua Makete kwa sababu Juni na Julai umande wa uwanda wa juu wa Kitulo huganda juu ya majani, na mtoto mchanga hupoteza joto haraka: mwili ni mdogo, ngozi imelowa, mafuta chini ya ngozi ni haba. Mama akimlaza kifuani ngozi kwa ngozi, blanketi la juu ndilo linalofungia lile joto lisitoke.

Kabla ya kalamu, suala la nani anachekwa. Sisi tuna shule ya zamani ya jambo hili, nayo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani. Mtani anakuja msibani, anamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, watu wanacheka huku machozi hayajakauka. Lakini mtani huyohuyo anachota maji, anachimba kaburi, anapika. Ana ruhusa ya kuchekesha kwa sababu anabeba mzigo. Mpita njia akisema maneno yaleyale, atafukuzwa, na itakuwa haki yake.

Wenzetu wa Uingereza walianzisha Comic Relief mwaka 1985, wakati wa njaa ya Ethiopia, wakitumia vichekesho kuchangisha fedha, na walichangisha nyingi. Miaka ikaenda, malalamiko yakaongezeka kuhusu picha za watu maarufu wamebeba watoto wa Kiafrika. Mwaka 2019 mbunge David Lammy alizikosoa picha hizo hadharani, na mwaka 2020 Comic Relief ikatangaza kwamba haitawatuma tena mastaa kuja Afrika kurekodi filamu za namna hiyo. Fedha zilikuwa za kweli na nia ilikuwa njema, ila wanaosaidiwa walikuwa wamegeuzwa mandhari. Nako Norway, mwaka 2012, chama cha wanafunzi kiitwacho SAIH kilitoa video ya Waafrika wakichanga hita za nyumbani ili kuwaokoa Wanorwe na baridi. Huo ndio utani hasa, na mtu wa Makete anaweza kuucheka huku amejifunga shuka mbili.

Basi kanuni ya kwanza ya kijitabu ni kwamba mcheko umwangukie msafiri. Asiyejua ndiye anayechekwa, mwenyeji anajua.

Chukua mfano wa ulanzi, pombe ya mianzi. Unagemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Wa leo ni mtamu, unaitwa mtogwa. Ukikaa unachacha na kuwa mkali, ndio mkangafu. Mama anayeuza kando ya barabara Iringa hukupa dumu la lita 5 na kifuniko kimelegezwa au kimetobolewa kwa msumari. Ana sababu. Ulanzi haujamaliza kuchacha, unaendelea kutoa gesi ndani ya dumu, na gesi lazima ipate njia. Sasa mgeni wa mjini anaona huyu mama ni mzembe, dumu litamwagikia begi. Anaomba kifuniko kingine kizima, anakikaza kwa nguvu zote, analiweka dumu miguuni karibu na injini ambako kuna joto. Mafinga dumu limevimba pembeni. Makambako halisimami tena, kitako kimekuwa duara. Karibu na Igawa kifuniko kinaruka mpaka kwenye dari, na ulanzi unamkuta mzee aliyevaa koti la harusini.

Mwandishi mchanga angeanza hadithi hii kwa "watu wa kijiji kile bado hawajui vifuniko". Angekuwa amekosea ukweli, na kichekesho angekikosa pia, kwa sababu kichekesho chote kimo ndani ya ujuzi wa yule mama. Kila msomaji wa Iringa anajua kitakachotokea tangu kifuniko kinapokazwa. Anasubiri. Kazi ya mwandishi ni kumcheleweshea: Mafinga kidogo, Makambako kidogo, halafu Igawa. Kifuniko kikisharuka, sentensi moja ya koti la mzee inatosha. Usieleze kwamba watu walicheka sana. Usiweke alama za mshangao tatu. Ukiona umeandika "ilikuwa kituko cha mwaka", futa.

Mambo mengine ya uandishi ni mafupi. Maneno ya konda yaandikwe kama yanavyosemwa. Salamu ziwe sahihi: ukiandika "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, hakikisha anayejibu naye anajibu kama watu wa kule. Utani wa kabila fulani uandikwe na mtani wa kabila hilo au mwenyeji mwenyewe, si na mtu aliyeusikia kijiweni. Mgonjwa, maskini na mtoto wasiwe kichekesho hata kidogo. Barabara ya Chimala kupanda Matamba, wilayani Makete, ile tunayoiita Hamsini na Saba kwa ajili ya kona zake, inafaa sana: abiria wawili wahesabu kona, wafike juu mmoja ana 54 mwingine ana 61, wabishane ipi ilikuwa kona na ipi ilikuwa kupinda tu, na dereva aliyekaa kimya njia nzima aambiwe awe hakimu.

Kila mwandishi apewe maneno 800, yasizidi. Hapo ndipo karatasi inapoanza kutawala. A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Karatasi 7 za ndani zinatoa kurasa 28: hadithi 8 za kurasa 3 ni 24, zinabaki 4 za ukurasa wa jina, maelezo ya lengo, majina ya waandishi, na ule wa mwisho nitakaousema baadaye. Jalada ni karatasi ya 8. Ukitumia herufi za ukubwa wa 12, ambazo mtu anaweza kuzisoma hata basi likiwa linarukaruka, maneno 800 yanaenea kurasa tatu pamoja na kichwa cha hadithi. Mwandishi akileta 1,100 na ukamwonea haya, kurasa zinakuwa 29, na hiyo moja inakulazimisha kuongeza karatasi nzima kwa kila nakala. Karatasi 200 za ziada kwa sababu ya haya.

Wakati wa kuchapa, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike 29: ukurasa wa 28 na 1, nyuma yake 2 na 27, na kuendelea hadi 14 na 15 katikati. Programu nyingi zina chaguo la kuchapa kama kijitabu, linapanga lenyewe, lakini hakiki kwa hesabu hiyo. Uchapaji wa pande mbili ugeuzwe kwa upande mfupi wa karatasi. Ukigeuzwa kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uruhusu 200.

Karatasi za ndani ziwe za gramu 80: 7 mara 200 ni 1,400, na rimu 3 zina 1,500, hivyo zinabaki 100 za kuharibika. Zitaharibika tu. Jalada la gramu 200 au 250 lichorwe mstari wa mkunjo kwanza kwa kitu butu na rula, la sivyo rangi inapasuka mgongoni. Stepla ya kawaida ya mezani haifiki kwenye mkunjo, maana toka ukingoni hadi katikati ni sentimita 15 kasoro kidogo. Tafuta stesheneri yenye stepla ya mkono mrefu. Pini mbili zinapigwa kutokea nje, miguu ifungie ndani katikati ya kurasa 14 na 15. Ukishakunja utaona karatasi za katikati zimechomoza kuliko za nje. Ni kawaida, unene wa mkunjo unazisukuma. Ukingo unakatwa milimita 3 kwa mashine ya kukatia, ndiyo maana maandishi yanatakiwa yaanze milimita 15 ndani.

Wanaochapia Tukuyu, wilayani Rungwe, wawe waangalifu na unyevu. Rungwe hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na rimu iliyofunguliwa inavuta maji hewani, inajikunja, inakwama kwenye printa. Fungua rimu siku ya kazi. Printa ya wino wa maji ikwepe kabisa, tone moja la mvua linafuta jina la mwandishi.

Sasa fedha, ambako kazi nyingi za hisani zinavunjikia. Tuseme, kwa mfano tu, nakala inagharimu shilingi 2,500 na inauzwa 5,000, na blanketi moja ni 25,000. Mtu mwenye haraka anasema faida ni 2,500 mara 200, yaani 500,000, ambayo ni mablanketi 20, na anakwenda kuahidi 20. Piga tena. Waandishi 8 watachukua nakala 2 kila mmoja, 16 hizo. Weka 4 za maktaba na kituo cha afya. Zimebaki 180 za kuuza, sawa na 900,000. Toa gharama ya uchapaji wa nakala zote, 500,000: zimebaki 400,000. Nusu ya zile 180 zitauzwa na wenye maduka, ukiwapa 500 kwa nakala ni 45,000. Zimebaki 355,000. Hayo ni mablanketi 14. Ahadi ya 20 ingewaacha wauguzi wametenga vitanda ambavyo havitafunikwa. Akipatikana mfanyabiashara wa kulipia uchapaji wote, hesabu inapendeza mara mbili, na jina lake likae ndani ya jalada la nyuma kwa herufi ndogo.

Malipo yaingie kwenye lipa namba au akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Yakiingia kwenye simu ya mtu mmoja yanachanganyika na ada za watoto wake, na hata akiwa mwaminifu kama nini hawezi kuthibitisha. Wenye maduka wapewe nakala 10 kwa mali kauli, zikiandikwa kwenye daftari na kusainiwa, na mtu apite baada ya siku 14. Asipopita, vitabu vinahamia chini ya meza na sukari inawekwa juu yake.

Na blanketi lenyewe lichaguliwe na anayelifua. Mpigie mganga mfawidhi kabla hata ya hadithi kuandikwa, uliza wodi ina vitanda vingapi na inakosa nini. Huenda akasema mashuka, sikiliza. Vitanda 6 havihitaji mablanketi 6. Vinahitaji 12, kwa sababu moja likiwa kitandani la pili liko kwenye kamba, na ukungu wa Makete haukaushi kitu kwa siku moja. Mawili ya akiba, ndiyo 14. Sufu halisi inasinyaa kwenye maji ya moto na dawa ya klorini inaila, kwa hiyo nunua zito la nyuzi za kiwandani linalostahimili kufuliwa. Jina la kituo lishonwe kwa uzi kwenye pindo, maana wino wa kalamu unafifia. Majina ya wafadhili yasiandikwe juu ya blanketi. Mama aliyejifungua usiku hastahili kulala chini ya tangazo.

Kupanda Hamsini na Saba na mzigo, fungeni kwa turubai hata kama Chimala jua linawaka. Pale kituoni mzigo uhesabiwe mbele ya mwakilishi wa kamati ya usimamizi wa kituo, uingizwe kwenye leja ya stoo, mganga mfawidhi asaini. Pigeni picha ya mablanketi na ya leja. Akina mama waacheni walale.

Ule ukurasa wa 28 uachwe mtupu katika chapa ya kwanza, ukiwa na mstari mmoja tu: "Hapa patakaa stakabadhi." Katika chapa ya pili ujazwe: nakala zilizouzwa 180, mapato 900,000, uchapaji 500,000, maduka 45,000, mablanketi 14 kwa 350,000, baki 5,000 imo kwenye akaunti, na chini yake picha ya leja yenye saini.