Kadi ya Fursa ya Ujerumani: tazama cheti chako kabla ya kuhesabu pointi

Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani humruhusu mtaalamu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kuingia nchini na kutafuta kazi akiwa hukohuko, hata kama bado hana mwajiri. Ruhusa hiyo wanaiita Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa. Hudumu hadi mwaka mmoja na ada ya viza ni euro 75. Hapa Kampala kila anayewaza kyeyo cha Ulaya, yaani kazi ya ughaibuni, anahesabu pointi: umri, Kiingereza, miaka ya kazi. Akifika sita anaona safari imeiva. Lakini pointi huja nyuma ya sharti jingine, na sharti hilo ni cheti. Cheti kisipokubalika, hata ukiwa na pointi kumi hazikusaidii.

Shahada ya chuo kikuu hukaguliwa mara mbili kwenye hifadhidata ya Wajerumani iitwayo Anabin, iliyo wazi mtandaoni bila malipo. Kwanza tafuta chuo: chagua Uganda, kisha jina lake. Alama ya H+ ina maana kinatambuliwa, H- hakitambuliwi, na H+/- ina maana inategemea. Kisha tafuta shahada yenyewe, ambayo, ili ihesabiwe sawa na ya Kijerumani, inapaswa kuwa na neno "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (yenye thamani sawa) mbele yake. Wengi wakiona H+ wanafunga kompyuta, na hapo ndipo hukosea, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na H+ huku kozi yako haimo kwenye orodha. Ikiwa haimo, hujashindwa. Unaomba tathmini ya shahada kwa ofisi ya Ujerumani iitwayo ZAB, kwa euro 208, nayo inakupa waraka unaoeleza shahada yako inalingana na ipi ya Kijerumani. Ikiwa yote mawili yamo, chapisha kurasa zote mbili uziambatanishe na ombi.

Tumia jina la chuo lililoandikwa kwenye cheti. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, kwa hiyo aliyehitimu kabla ya hapo ana karatasi yenye jina jingine. Jina lako pia lipe muda. Nakato kwenye pasipoti na Nakatto kwenye cheti cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ni watu wawili machoni pa afisa asiyeijua Uganda. Rekebisha tofauti hiyo kabla ya kutuma chochote.

Fundi asiye na shahada naye ana nafasi, ikiwa mafunzo yake yalidumu angalau miaka miwili na yanatambuliwa na serikali ya nchi aliyosomea. Cheti cha miezi sita cha ushonaji au cha mwaka mmoja cha umeme hakitoshi, hata kama mwenyewe ni hodari kuliko mwenye diploma. Jambo hili linaumiza, maana Uganda imejaa mafundi waliojifunza gerejini na si darasani, na mfumo huu wa pointi hauwaoni. Kwa mwenye diploma ya miaka miwili au zaidi, ZAB hutoa pia uthibitisho kwamba mafunzo hayo yanatambuliwa alikosomea.

Sharti la pili ni lugha: Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha huanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu), kwa cheti cha mtihani unaotambulika. Pamoja na hilo ndipo unatafuta pointi sita. Ikiwa cheti chako kimetambuliwa kikamilifu kuwa sawa na cha Kijerumani, huhitaji pointi zozote. Kikitambuliwa kwa sehemu tu, unapata 4. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita ni pointi 3, na wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita ni 2. Asiyezidi miaka 35 anapata 2, na wa hadi 40 anapata 1. Kijerumani cha A2 ni pointi 1, B1 ni 2, B2 na kuendelea ni 3. Kiingereza cha C1 ni 1. Fani yenye upungufu wa watu Ujerumani ni 1. Kama umewahi kuishi huko kihalali kwa miezi sita mfululizo ndani ya miaka mitano iliyopita, 1. Mwenzi wako wa ndoa naye akitimiza masharti na mkaomba pamoja, 1.

Chukua mhasibu wa Mbarara mwenye miaka 29, chuo chake kina H+ lakini shahada yake haimo Anabin wala haijapimwa na ZAB, amefanya kazi miaka mitatu tangu ahitimu, na ana 7.0 kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambayo ni C1. Umri 2, uzoefu 2, Kiingereza 1. Jumla tano! Anakosa pointi moja, na moja hiyo haipatikani kwa kubembeleza ubalozi. Inapatikana kwa Kijerumani cha A2, ambacho Goethe-Zentrum ya Kampala hufundisha. Ndiyo maana ushauri wetu kwa karibu kila mtu ni uleule: jiandikishe darasa la Kijerumani wiki hiihii, hata kama Kiingereza chako kinatosha kisheria. Waajiri wengi wa huko, hasa nje ya miji mikubwa, watakusaili kwa Kijerumani.

Kuhusu uzoefu, kuna kosa moja linalojirudia. Unahesabiwa ule ulioupata baada ya kuhitimu, tena katika fani uliyoisomea. Mhandisi wa ujenzi aliyeuza simu miaka minne hana pointi hata moja ya uzoefu. Barua za mwajiri zitaje tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo na kazi ulizofanya. Barua inayosema tu kwamba fulani ni mtu mwaminifu haisaidii.

Halafu fedha za kujikimu unazopaswa kuonyesha kwamba unazo. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, zaidi ya shilingi milioni 50 za Uganda. Wengi huziweka kwenye akaunti maalumu ya Ujerumani ambayo hufungwa, kisha hukuruhusu kutoa kiasi cha mwezi mmoja kwa wakati. Makato ya benki njiani hupunguza kinachofika, kwa hiyo tuma kidogo juu ya kiwango, la sivyo akaunti haitathibitishwa. Njia nyingine ni ndugu au rafiki anayeishi Ujerumani kukudhamini rasmi mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, au mkataba wa kazi ya muda. Kiwango hubadilika, kwa hiyo angalia cha mwaka unaoomba. Bima ya afya nayo ni lazima.

Ukifika, kadi inakuruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, pamoja na kazi za majaribio zisizozidi wiki mbili kwa kila mwajiri. Ukipata kazi ya fani yako, unabadilisha kibali ukiwa hukohuko.

Wauguzi wasikimbilie kadi hii. Uuguzi ni taaluma yenye leseni, na bila leseni ya Kijerumani hutafanya kazi ya muuguzi. Ukiwa na Kijerumani cha A2 na mwajiri aliyekubali, kuna njia iitwayo ushirikiano wa utambuzi, iliyoanza Machi 2024: unaanza kazi huku ukikamilisha leseni. Na mtu wa teknolojia ya kompyuta aliyekwisha kupata mwajiri aangalie EU Blue Card, kibali cha kazi cha Umoja wa Ulaya kwa wenye ujuzi wa juu. Hiyo, kwa mwaka 2025, ilihitaji mshahara wa angalau euro 43,759.80 kwa mwaka, na yeye anaweza kuipata hata bila shahada, kwa uzoefu wa miaka mitatu wa kiwango cha juu ndani ya saba iliyopita.

Mwisho, maajenti. Kadi ya Fursa haina kazi ndani yake, kwa hiyo anayekuuzia "nafasi ya Chancenkarte yenye kazi tayari" anakuuzia kitu kisichokuwepo. Ombi unalijaza mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya viza ya Ujerumani. Na kampuni yoyote inayopeleka watu kazini nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: omba namba ya leseni, kisha ihakikishe wizarani kwenyewe, kabla shilingi yoyote haijatoka kwenye simu yako.