Herufi moja iliyonifungia nje ya laptopu yangu

Chanzo kilikuwa mayai. Nilikuwa natengeneza kiangulio hapa Kasarani, nikashuka barabara ya Luthuli mjini kununua bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) ya kushikilia joto kwenye nyuzi 37.5. Kuichomeka tu, Ubuntu, mfumo unaoendesha laptopu yangu, ikagoma: /dev/ttyUSB0 (ndiyo bodi yenyewe), huna ruhusa. Dawa naijua, ni kujiingiza kwenye kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia vifaa vya aina hiyo. Nikaandika sudo usermod -G dialout mzee (sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi, usermod ni kubadili mtumiaji, na mzee ndilo jina langu kwenye mashine), nikatoka, nikaingia tena. Bodi ikaitika. Nikajiona profesa.

Jioni nikaita sudo. Ikanijibu kwamba simo kwenye faili ya sudoers, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo, na kwamba tukio hili litaripotiwa. Kwa nani? Naishi peke yangu!

Kumbe -G bila -a haikuongezi kundi, inaandika orodha yako upya. Nilijivua mwenyewe kundi la sudo, kwa mkono wangu, kwa sudo. Nikajaribu pia su, amri ya kuingia kama root, lakini root, akaunti kuu ya Ubuntu, imefungwa tangu siku ya kwanza. Ningeandika hata jina la nyanya yangu, isingefunguka.

Fundi mmoja mjini hakutaka hata kuiona. "Bosi, hiyo ni kufomati tu, elfu na nusu hivi." Kufomati! Na picha zangu zote zimo humo.

Nikaambiwa niwashe huku nikibonyeza Esc ili menyu ya kuwashia itokee. Nikaigonga kama makanga anavyogonga bodi ya matatu, nikatua kwenye skrini nyeusi yenye neno grub> peke yake (GRUB ndiyo programu inayoiwasha Ubuntu). Mara tatu hivyo hivyo. Ya nne ndipo nikagundua ujanja: hapo hapo andika normal, piga Enter, halafu Esc moja tu, upesi. Menyu hiyo! Nikaingia kwenye chaguo za ziada, mstari wenye recovery mode (hali ya ukarabati), kisha root. Haikuuliza neno la siri lolote, jambo lililonifurahisha kisha likanitisha. Yeyote atakayeishika laptopu yako anaweza kufanya hivyo hivyo, kama diski hukuisimba, yaani kuifunga kwa neno la siri.

Sasa usermod -aG sudo mzee. Ikasema haiwezi kuifunga kwa muda /etc/passwd, faili ya orodha ya watumiaji, ili iihariri; nijaribu baadaye. Nami, mtiifu, nikaenda kuchemsha chai! Nikarudi, jibu lile lile. Kusubiri hakukuwa na maana, maana diski ilikuwa imefunguliwa kwa kusoma tu. mount -o remount,rw / kwanza, kisha amri ile ile, na safari hii ikapita kimya.

Nilipowasha na kuandika id, amri inayoonyesha makundi yako, nikaona adm, plugdev na lpadmin, makundi yangu mengine, nayo yalikuwa yameenda. Nikayarudisha moja moja, kila amri nikiisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Mayai yaliingia saa sita usiku.