Morfini ilinituliza mgongo, ikanifunga tumbo

Siku sita sikupata choo, na sikumwambia mtu. Mume wangu alijua mgongo unauma, dada yangu alijua chakula hakishuki, majirani hapa Mbagala walijua nywele zimekatika. La choo nililibeba peke yangu. Mtu mzima unaanzaje kulisema?

Nina saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa ya mgongo. Dripu za kemo, dawa za kuua saratani, nawekewa hospitali ya saratani ya Ocean Road kila baada ya wiki tatu, na kwa maumivu nilianzishwa morfini ya maji, kila baada ya saa nne, ya kulalia ikiwa mara mbili ili nisiamke saa nane usiku kuinywa. Dawa ile sitaisema vibaya. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana ya alfajiri, na nilikuwa nimesahau kulala kukoje.

Pamoja nayo nilipewa vidonge vya bisakodili vya kusukuma choo. Nikavitia kabatini. Nilijiambia nitavinywa nikikwama, dawa zilishanijaa mwilini.

Siku ya nne nikaona mchawi ni morfini, nikaanza kuruka dozi. Maumivu yakarudi na choo hakikuja. Dada yangu, Mungu ambariki, alinipikia dona na matembele mchana na jioni: "Kula majani, mdogo wangu, yatasukuma." Tumbo likazidi kuvimba.

Siku ya sita yakaanza kutoka maji, kidogo kidogo, bila hata kunipa taarifa. Dada akashangilia kwamba tumbo limefunguka, na kwa vile nilikuwa nachafuka akakimbia duka la dawa kuniletea vidonge vya kuzuia kuharisha. Nilikuwa navyo mkononi nilipompigia sista wa tiba shufaa, wale wanaotutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa.

"Choo chenyewe, kile kigumu, umekiona lini mara ya mwisho, mama?"

"Leo siku ya sita, sista."

"Basi huko si kuharisha. Kuna choo kimekauka kikaziba njia, hayo maji yanapenya pembeni. Hivyo vidonge usimeze."

Akaendelea kuuliza. Natapika? Hewa inatoka? Maana tumbo likivimba, ukatapika, na hata hewa haitoki, utumbo unaweza kuwa umeziba kabisa, na dawa ya kusukuma inakuwa hatari. Halafu akauliza kuhusu miguu: ina ganzi, imelegea, mkojo naushika? Kwa mtu mwenye saratani kwenye uti wa mgongo, choo na mkojo vikivurugika huku miguu ikiishiwa nguvu, mishipa ya fahamu inaweza kuwa imebanwa, na hilo halisubiri kesho. Yote hayo sikuwa nayo. Akaniambia nije siku hiyohiyo.

Mama mkwe alitaka niwekewe maji ya sabuni kwa nyuma, nyumbani, kama alivyozoea kwa watoto. Nashukuru tulikataa. Baada ya kemo chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka, na chembe za kugandisha damu pia. Mkwaruzo mdogo huko nyuma unaweza kuleta maambukizi mabaya au damu isiyokatika. Nilipimwa damu kwanza, ndipo nikasaidiwa na wanaoijua kazi hiyo.

Sista alinieleza kwamba morfini inapotuliza maumivu inatuliza na utumbo. Chakula kinakaa humo muda mrefu, maji yake yananyonywa, kinabaki kikavu. Usingizi na kichefuchefu cha morfini mwili huvizoea baada ya siku kadhaa, utumbo hauzoei. Kwa hiyo dawa ya choo inakwenda na morfini kila siku, hata siku uliyopata choo vizuri. Dawa ya kuzuia kutapika niliyopewa, ondansetroni, nayo ilikuwa inafunga. Na yale majani ya dada, bila maji ya kutosha, kwenye utumbo uliolala, yalikuwa yanarundikana tu.

Sasa nameza vidonge viwili vya bisakodili vya miligramu 5 usiku, vizima, kwa maji. Zamani ningevisindikiza na chai ya maziwa, kumbe maziwa huyeyusha ganda la kidonge mapema na tumbo likasokota. Morfini ilipoongezwa, hospitali wakaniongezea na laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo. Asubuhi nakunywa uji wa moto, nikimaliza nasubiri kidogo kisha naenda, nikihisi nisihisi, kwa sababu tumbo huamka baada ya kula. Kuchuchumaa mgongo haukubali. Mume wangu alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akaweka kigoda cha kukanyagia ili magoti yapande. Sikumwomba. Chupa ya maji haikai mbali nami, joto hili la Dar linakausha. Papai na matembele vimerudi mezani, ila baada ya choo kulainika.

Kwenye kalenda ya ukutani tunatia alama kila siku niliyopata. Siku tatu tupu, napiga simu.

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kusubiri, dada mmoja alikuwa ameshika chupa yake ya kwanza ya morfini. Nikamuuliza kama amepewa na vidonge vya choo. Akatazama huku na huku, akashusha sauti: "Nimepewa, mama. Ila hivyo nitavinywa nikikwama."

Nikasogea karibu yake.