Vifaa vya kujitengenezea vya kutoa upepo kwenye klachi ya haidroliki

Klachi ya haidroliki hutegemea safu ya mafuta isiyokatika, kutoka silinda ya juu iliyo nyuma ya kanyagio hadi silinda ya chini iliyo kwenye giaboksi. Mafuta hayabanwi, ila hewa hubanwa. Upepo ukiingia katika safu hiyo, hata kidogo, sehemu ya safari ya kanyagio huishia katika kuubana upepo badala ya kusukuma uma wa klachi, yaani mkono unaoiachanisha klachi. Dereva huona kanyagio limekuwa laini, gia ya nyuma inalia kabla ya kuingia, na gari linataka kusogea ingawa kanyagio limefika sakafuni.

Njia iliyozoeleka ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua kwa spana nipo, yaani skrubu ndogo yenye tundu la kutolea mafuta na upepo kwenye silinda ya chini, anaifunga, kisha kanyagio linaachiwa. Kwa breki njia hii inatosha mara nyingi. Kwa klachi naiona dhaifu, na sababu yake iko wazi mtu akiufuata mpira na bomba kwa macho. Silinda ya juu ya klachi ni ndogo na husukuma mafuta machache kwa kila mkanyago, ilhali bomba lenyewe mara nyingi hupanda, hupinda juu ya giaboksi, kisha hushuka hadi silinda ya chini. Povu lililokaa kwenye ule mpindo wa juu husukumwa chini kidogo mtu anapokanyaga, na kabla ya mkanyago unaofuata limekwisha kupanda tena mahali pake. Watu wawili wanaweza kuhangaika muda mrefu, mafuta yakatoka safi kabisa kwenye nipo, na kanyagio likabaki laini vilevile.

Kwa hiyo mimi huanza na kifaa kinachosukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, kuelekea kule ambako hewa yenyewe inataka kwenda, nacho ni bomba kubwa la sindano lisilo na sindano yake. La mililita 60 linafaa zaidi, kwa kuwa mfumo mzima wa klachi haubebi mafuta mengi na ujazo mmoja au miwili hutosha kuleta badiliko. Kinachobaki ni mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye tundu la milimita 5 au 6 ili ukabe vizuri kwenye nipo, na kipande cha waya laini au klipu ndogo ya kubana kila upande. Mrija uwe mfupi, kiasi cha kufika mahali ambapo mkono unaweza kufanya kazi bila kujikunja, kwa sababu kila sentimita ya ziada ni nafasi nyingine ya hewa kujificha.

Kazi yenyewe huamuliwa na maandalizi. Kwanza nayatoa mafuta ya zamani kupitia nipo kwa kuyaacha yashuke yenyewe, huku kikopo cha juu, kile kinachoilisha silinda ya juu mafuta, kikiongezwa mafuta mapya, ili uchafu uliotuama kwenye silinda ya chini usije ukasukumwa juu hadi kwenye sili za silinda ya juu, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje. Baada ya hapo nanyonya mafuta kiasi kutoka kwenye kikopo, kwa maana yale yatakayosukumwa kutoka chini yatahitaji mahali pa kukaa, na mafuta haya, ambayo kwa kawaida ni yaleyale ya breki, yakimwagika juu ya rangi ya gari huila. Kisha najaza bomba la sindano, naligeuza ncha ikiwa juu, naligonga kwa kidole hadi mapovu yapande, na kusukuma taratibu hadi mafuta yajae mrija wote na tone lisimame kwenye mdomo wake. Tone hilo ndilo ninalolitafuta. Mrija ukivikwa kwenye nipo tone likiwa bado limesimama mdomoni, hakuna hewa mpya itakayoingizwa na kazi yenyewe.

Nipo hufunguliwa nusu mzunguko, na bomba husukumwa polepole sana, huku macho yakiwa kwenye kikopo cha juu au mwenzako akikiangalia. Mapovu huanza kutokea kimoja kimoja, wakati mwingine kwa kundi, halafu hukoma. Nipo hufungwa kabla mrija haujavuliwa. Kanyagio liwe limerudi juu kabisa muda wote huo, wala lisikanyagwe, kwa sababu ndani ya silinda ya juu kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo, na kitundu hicho huwa wazi tu pistoni ikiwa imerudi mwisho. Kanyagio lililorekebishwa vibaya, lisilo na uchezo wowote, yaani nafasi ndogo ya kusogea bure kabla ya kuanza kusukuma, linaweza kukiziba, na hapo mtu atasukuma bomba la sindano na kuona ugumu asioujua unatoka wapi. Asilazimishe, aangalie kwanza uchezo wa kanyagio.

Mpira wa pistoni ya bomba la sindano huanza kukwama baada ya matumizi kadhaa kwenye mafuta ya breki. Bomba likishaanza kukwama natafuta jingine, kwa sababu likienda kwa mishtuko mkono hauwezi tena kusukuma kwa upole unaotakiwa.

Kifaa cha pili ni cha anayefanya kazi peke yake na anataka kukanyaga kwa njia ya kawaida. Chukua mpira laini wa urefu wa mkono mmoja, ziba ncha moja kwa bolti inayoingia kwa kukaza, kisha, kama sentimita 3 kutoka kwenye bolti, chana mpira kwa wembe mpya, mchano mmoja wa sentimita 1 unaofuata urefu wa mpira, wala usiukate kwa kuuzunguka. Mchano huo ndio vali. Kanyagio likishuka, shinikizo la ndani huachanisha kingo zake na mafuta hutoka. Kanyagio likipanda, mvuto huzifunga kama midomo. Upande wenye mchano huzamishwa ndani ya chupa yenye mafuta safi, ule mwingine ukiwa umevikwa kwenye nipo, ili hata kingo zisipokutana sawasawa kinachovutwa kiwe mafuta na si hewa. Ubora wa kifaa hiki wote uko kwenye wembe: mchano uliokwaruzwa kwa kisu butu huacha kingo zenye nyuzi, nazo hazifungi. Mpira wa kupitishia petroli usitumike hapa, kwa kuwa nyingi kati ya mipira hiyo huvimba ikikutana na mafuta ya breki.

Anayekanyaga kwa njia hii asikanyage kwa nguvu hadi sakafuni kwenye gari lenye silinda kuukuu. Sehemu ya mwisho ya silinda ambayo pistoni haifiki siku zote huweza kuwa na kutu au uchafu, na sili zikiburutwa juu yake huchanika. Kipande cha mbao kikiwekwa chini ya kanyagio huzuia safari hiyo ya mwisho.

Wapo wanaopenda shinikizo kutoka juu, nami sina ugomvi nao, mradi waheshimu kipimo. Hutafutwa kifuniko cha ziada cha kikopo, kinatobolewa, na valvu ya tairi ya mpira inavutwa ndani ya tundu hadi ikae. Kitundu cha kupumulia cha kifuniko huzibwa. Pampu ya baiskeli yenye geji hutosha kabisa, na shinikizo la bari 0.7 linatosha kwa kazi hii. Bari 1 ndiyo mwisho, kwani kikopo ni cha plastiki na hakikutengenezwa kuwa tangi la upepo. Kompresa isikaribie. Shinikizo liachiwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, na miwani ya kukinga macho ivaliwe. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kikopo cha klachi ni kidogo na mafuta hushuka haraka yakiwa chini ya shinikizo. Yakiisha, upepo uleule uliokuwa ukisukuma utaingia kwenye bomba na kazi itaanza upya.

Kuvuta kwa chini, kwa chupa ya kioo yenye mirija miwili kwenye kifuniko na bomba la sindano la kunyonyea, ni njia ninayoiweka mwisho kabisa. Hewa hupenya kwenye nyuzi za nipo iliyofunguliwa, mapovu huendelea kuonekana kwenye mrija hata mfumo ukiwa safi, na mtu hashawishiki kuacha. Utepe mweupe wa mafundi bomba ukizungushwa kwenye nyuzi, mbali na ncha ya nipo, hupunguza hali hiyo. Chupa iwe ya kioo kinene, kwa sababu ya plastiki hujikunja ndani.

Silinda ya chini iliyofungwa nje ya giaboksi inatoa nafasi nyingine nzuri. Inaweza kufunguliwa bolti zake bila kukata bomba, ikaning'inizwa huku nipo ikiwa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Kabla ya hapo pistoni yake ifungwe kwa waya imara isije ikachomoka. Ile iliyo ndani ya giaboksi, inayozunguka shafti, haifikiki hivyo, na kwake bomba la sindano ndilo tegemeo langu.

Kuhusu mafuta, fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Kati ya madaraja ya mafuta ya breki, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Baadhi ya magari hutumia mafuta ya madini kwenye klachi, na hayo yakiingia kwenye mfumo wa DOT huvimbisha sili, kwa hiyo kifaa kilichotumika upande mmoja kisihamishiwe upande mwingine. DOT 4 mpya lazima istahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishavuta unyevu wa hewani kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Chupa iliyokaa wazi rafuni isitumike. Mafuta yaliyotoka yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko na maandishi makubwa, kamwe yasiwekwe katika chupa ya kinywaji.

Mwisho wa kazi mimi hupima kwa rula. Nabandika kipande cha utepe kwenye fito inayosukumwa na silinda ya chini, naweka alama ya kalamu, na mwenzangu anakanyaga hadi mwisho ili nisome fito imesogea milimita ngapi. Kipimo hicho kikilingana na cha kitabu cha gari, klachi iko sawa hata kama mguu bado una mashaka. Kikipungua na hakuna povu tena, tatizo si upepo: shika mpira wa haidroliki kwa kiganja wakati kanyagio linashuka usikie kama unavimba, kisha vua kifuniko cha vumbi cha silinda ya chini na upapase nyuma ya kanyagio, pale fito inapoingia kwenye silinda ya juu. Kidole kikitoka na mafuta katika mojawapo ya sehemu hizo mbili, silinda hiyo inahitaji sili mpya.