Siku ya Hofu Yangu: Tafakari juu ya Safari ya Jesús Navas

Wapendwa katika Bwana, wiki hii moyo wangu umelemewa na neno moja lililosemwa mbele yangu baada ya ibada. Kijana wa ushirika wetu, aliyepata nafasi ya chuo katika mkoa wa mbali, alirudi nyumbani kabla masomo hayajachanganya. Alitueleza kwa unyenyekevu kwamba kila jioni kifua kilimbana, pumzi zikawa fupi, na usingizi ukamkimbia hadi alfajiri. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nasi akamjibu kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, na kwamba mtu aliyeokoka hawezi kushindwa na chumba cha bweni. Kijana akainamisha kichwa, akaitikia "amina", akaenda zake. Andiko lile la Timotheo ninalishika kwa moyo wote, lakini tangu saa ile nimekosa amani, kwa sababu lilitumika kama fimbo kwa mtu aliyekuja akihitaji mkono wa kumshika.

Hali hiyo ninaijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nimewahi kuketi ukingoni mwa kitanda, kamba za viatu zimeshafungwa na begi liko mlangoni, gari linapiga honi nje, nami nimeshindwa kuinuka kwa sababu mikono inatoka jasho na moyo unakwenda mbio kana kwamba nimefukuzwa. Nilikuwa nimeomba usiku ule, tena nilikuwa nimeomba kwa imani. Wenye kuipitia hali hii wanajua kwamba haingoji mtu aache kuomba ndipo ije.

Katika kuliombea jambo hili nimekuwa nikimfikiri mwanasoka mmoja wa Hispania, ambaye wengi wetu tulimwona kwenye runinga bila kujua alikuwa amebeba nini. Jesús Navas alizaliwa tarehe 21 Novemba 1985 katika mji wa Los Palacios y Villafranca, kusini kidogo ya jiji la Sevilla, akakulia katika timu za vijana za klabu ya Sevilla na kuanza kuchezea timu ya wakubwa mwaka 2003, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18. Alikuwa winga wa kulia mwenye mbio ambazo mabeki wachache waliziweza. Hata hivyo, kila alipotakiwa kukaa kambini mbali na nyumbani kwa siku nyingi, alishikwa na hofu kali iliyomsumbua mwili na akili, hata akalazimika kuziacha kambi za maandalizi ya msimu za klabu yake na kambi za vijana wa timu ya taifa na kurudi kwao. Umaarufu na fedha havikumwondolea hali hiyo. Miaka ilipita Hispania ikiwa na winga wa kiwango cha juu kabisa ambaye haikuweza kumtumia, kwa kuwa hakuweza kukaa siku nyingi mbali na kwao.

Jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni namna alivyotendewa katika miaka ile. Klabu yake haikumtupa wala kumwita mwoga. Alipata msaada wa wataalamu wa afya ya akili, familia ilikuwa karibu naye, na safari zake zilikwenda kwa kadiri ya nguvu zake. Katika miaka hiyohiyo alisafiri na Sevilla hadi Eindhoven mwaka 2006 na Glasgow mwaka 2007, na mara zote mbili wakarudi na Kombe la UEFA, kombe la vilabu vya Ulaya. Mlango wa timu ya taifa haukufungwa, wala hakuburutwa kuupita. Mwaka 2009 alisema mwenyewe kwamba sasa yuko tayari, na mwezi Novemba mwaka huo kocha Vicente del Bosque akamwingiza uwanjani jijini Madrid katika mechi ya kirafiki dhidi ya Argentina. Tayari alikuwa mtu mzima wa takriban miaka 24, na wenzake wa rika lake, akiwemo Sergio Ramos aliyekulia naye katika timu za vijana za Sevilla, walikuwa wameichezea Hispania kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyemhesabia miaka ile kuwa deni.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka kusema nanyi bila kuficha, hasa ninyi mliopewa dhamana ya uongozi. Paulo anawaandikia Wathesalonike: "watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote." Tumezoea kuyasoma maneno hayo kwa sauti nzuri, na kisha tukikutana na mnyonge mwenyewe, mwenye jina na uso, tunamhoji kana kwamba amefanya kosa. Tunamwuliza ameacha mlango gani wazi kwa adui. Tunamwuliza ni lini mara ya mwisho alifunga. Tunamwekea mikono mara moja, na asipopona papo hapo tunaona haya kwa niaba ya imani yetu, tukamwachia yeye aibu hiyo aende nayo nyumbani. Nawasihi kwa huruma zake Mungu, tuache jambo hili. Paulo yuleyule aliyemwandikia Timotheo kuhusu roho ya woga aliwaambia Wakorintho kwamba alipofika Makedonia mwili wake haukupata nafuu, "nje palikuwa na vita, ndani hofu." Kama mtume wa Bwana aliweza kuandika kwamba ndani yake mna hofu, na kanisa likaisoma barua hiyo hadharani bila kumdharau, kwa nini kijana wetu ashindwe kulisema neno hilohilo mlangoni mwa kanisa?

Tena mkumbukeni Eliya chini ya mretemu. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa ameuona moto ukishuka juu ya Karmeli, na sasa anakimbia na kuomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari ile ilikuwa kubwa mno kwake. Yaangalieni maneno hayo vizuri: mbingu zenyewe zilikiri kwamba safari ilimzidi mtumishi wa Mungu, na zikamwandalia chakula. Na Bwana wetu katika Gethsemane alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaomba rafiki zake watatu wakeshe pamoja naye. Aliomba watu wa kukaa naye, na wale watu wakalala usingizi. Kila ninapolisoma jambo hilo ninajiuliza ni wangapi kati yetu wametuomba tukae nao, nasi tukawapa aya ya Biblia na kuondoka.

Wala mtu asidhani kwamba kwenda kwa daktari au mshauri wa kisaikolojia ni kumwacha Mungu. Malaria tunaipima na kuinywea dawa huku tukiomba, na hatuoni mgongano wowote. Mwanasoka huyu alitibiwa hofu yake kwa miaka, na matunda ya uvumilivu ule ulimwengu mzima uliyaona. Mwezi Juni mwaka 2010 alipanda ndege kwenda Afrika Kusini, bara jingine kabisa, na kukaa kambini Potchefstroom kwa wiki nyingi. Tarehe 11 Julai, katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uholanzi jijini Johannesburg, aliingia kipindi cha pili kuchukua nafasi ya Pedro. Muda wa nyongeza ulipokuwa unakaribia kwisha, yeye ndiye aliyeuchukua mpira upande wa kulia ndani ya nusu yao wenyewe na kukimbia nao huku Waholanzi wakimfuata, akaanzisha shambulizi lililoishia kwenye goli la Andrés Iniesta katika dakika ya 116. Mwaka 2013 alihamia Manchester City, akaishi Uingereza kwa miaka minne na kutwaa ubingwa wa ligi ya huko. Nani angeamini kwamba huyu ndiye yule aliyekuwa akirudishwa nyumbani kutoka kambini?

Aliporudi Sevilla mwaka 2017, umri ulikuwa umeanza kupunguza kasi yake ya winga, naye akakubali kurudishwa nyuma kuwa beki wa kulia, kazi ambayo lawama zake ni nyingi kuliko sifa. Huko nyuma akawa nahodha na kushinda Ligi ya Europa mwaka 2020 na 2023. Mgongoni alikuja kuvaa namba 16, iliyokuwa ya Antonio Puerta, mwenzake wa tangu utotoni aliyeanguka uwanjani mwezi Agosti 2007 na kufariki siku tatu baadaye akiwa na miaka 22. Mtu mwenye moyo mwepesi wa hofu alipita pia katika msiba wa namna hiyo, na akaendelea kucheza katika uwanja uleule.

Nawaomba vijana mliangalie kwa karibu tukio la tarehe 9 Julai 2024 jijini Munich, katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya dhidi ya Ufaransa. Beki wa kulia wa Hispania, Dani Carvajal, alikuwa amefungiwa, hivyo Navas, mwenye miaka 38, akapewa kazi ya kumkaba Kylian Mbappé. Dakika ya tisa tu Mbappé akapiga krosi kutoka upande huohuo, na Randal Kolo Muani akafunga kwa kichwa. Muda mfupi baadaye Navas akaonyeshwa kadi ya njano. Kwa mtu mwenye historia yake, dakika zile zingetosha kumrudisha mahali pabaya pa zamani. Akabaki pale pale akikaba. Mbele yake upande uleule alicheza Lamine Yamal, mtoto wa miaka 16 aliyezaliwa wakati Navas tayari ameshinda Kombe la UEFA mara mbili, na kijana huyo akasawazisha kabla Dani Olmo hajafunga la pili. Navas alitoka kipindi cha pili Hispania ikiongoza, ikashinda 2-1, na siku chache baadaye ikatwaa kombe mjini Berlin. Katika kikosi kile yeye peke yake ndiye aliyebaki kati ya mabingwa wa dunia wa 2010.

Alitundika daluga mwezi Desemba 2024 akiwa na miaka 39, baada ya mechi zaidi ya 700 akiwa na Sevilla, na kilichomsimamisha ni maumivu ya nyonga aliyoyavumilia kwa miaka. Mechi yake ya mwisho aliichezea ugenini, Madrid, mbali na nyumbani kwao.

Mtunga zaburi anasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Anaitaja siku hiyo kuwa ni yake, na anamtumaini Mungu akiwa ndani yake, kabla haijapita. Wewe unayesoma haya kifua kikiwa kimekubana, usingoje mpaka upate nguvu ndipo uje kwa Bwana au kwetu. Mtafute leo mtu mmoja unayemwamini, umwambie jambo lilivyo bila kulipamba. Omba apige magoti pamoja nawe, na kesho akusindikize hospitali. Na wewe utakayeambiwa, tafadhali vuta kiti ukae, usikilize mpaka mwisho kabla hujafungua Biblia, na wiki ijayo umpigie simu tena, na wiki itakayofuata vilevile. Bwana, anayejishughulisha sana kwa mambo yetu, awape wote wawili subira ya kwenda mwendo huo hata ukichukua miaka.